Pikipiki ya Marehemu na Ile Niliyoinunua

Watu wanaoishi mbali wana mapenzi makubwa na vitu vya zamani. Mimi sina. Mimi nimevifungua na kuvifunga, nimevipaka mafuta, nimevisukuma kwenye tope kutoka darajani hadi barabara kuu huku mvua ya masika ikinipiga mgongoni, na mapenzi yote yaliniishia njiani.

Nazungumzia pikipiki ya marehemu baba. Ilikuwa ya Kiingereza, nyeusi, tangi lake la mviringo na taa moja kubwa mbele, na baba aliinunua kwa mzungu mmoja mwenye shamba enzi ambazo kahawa ilikuwa bado kahawa. Baba alikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi cha ushirika wa kahawa, huku kwetu Kilema, mlimani juu ya Moshi. Alipoiwasha asubuhi, akina mama waliokuwa migombani walijua kwamba wamechelewa kukamua. Alinifundisha mimi kuitengeneza, na nisimsingizie marehemu kuwa alikuwa na fikra za kimaendeleo kuhusu mabinti. Kaka yangu mkubwa alikuwa shule ya bweni na mdogo wetu wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Mikono iliyokuwapo nyumbani ilikuwa yangu.

Baba alifariki mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wakati huo kaka alikwishahamia Dar es Salaam na mdogo wetu alikuwa mbioni kumfuata. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwenye ndoa ambayo sina haja ya kuieleza. Kwa desturi yetu Wachagga kihamba, yaani migomba, kahawa na nyumba iliyomo ndani yake, huwa ni cha mtoto wa kiume wa mwisho, hata kama huyo mtoto anakaa Dar na hajui jembe linashikwa upande gani. Kuhusu pikipiki, kikao cha matanga kiliamua kwamba ni mali ya wana, ikae nyumbani, na dada yao aitunze. Nilikuwa tayari mtunzaji wa ng'ombe, wa mama na wa kaburi, kwa hiyo waliona kuniongezea na pikipiki si jambo la kuniuliza.

Sikatai kwamba mwanzoni ilinifaa. Kahawa ilikuwa inakufa mbele ya macho yetu. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao na bei zao, watu wakang'oa mibuni iliyopandwa na babu zao, wakapanda nyanya. Mimi niliingia kwenye maziwa. Nilikusanya ya ng'ombe wetu na ya majirani alfajiri, nikafunga madumu pande zote mbili za pikipiki, nikateremka nayo Moshi mjini kwenye hoteli za chai karibu na soko na kwenye nyumba za mtaa wa Soweto. Mwanamke juu ya pikipiki lilikuwa jambo la kusemwa baada ya misa. Walisema hakuna mwanamume atakayenioa tena. Walisema kweli, ila pikipiki haikuhusika.

Tatizo ni kwamba maziwa hayasubiri. Jua likishapanda, maziwa ambayo hayajafika jikoni kwa mtu ni ya kumwagwa, na pikipiki ya baba haikuwa na habari na jua. Ilikuwa na siku zake. Leo plagi imelowa, kesho waya wa klachi umekatika, kesho kutwa kabureta imeziba na ninasimama kando ya barabara nikiipuliza kwa mdomo hadi midomo inawasha petroli. Nati zake zilikuwa za inchi. Nchi nzima ilikuwa imefunguliwa, maduka ya Moshi yamejaa bidhaa za Japani na Taiwan hadi barazani, na kila spana uliyoishika ilikuwa ya milimita. Soko huria lilileta kila kitu isipokuwa kile nilichokihitaji mimi.

Nilikuwa na fundi wangu Soweto, mtu mtaratibu, asiyependa maneno mengi. Gasketi aliikata kwenye boksi la biskuti, akaipaka gundi, akaniambia niisubiri ikauke wakati mimi naliangalia jua. Siku moja alinyoosha mgongo akaifuta mikono, akasema, "Dada, huyu mzee tunamdanganya tu. Ipo siku atagoma moja kwa moja."

"Ndugu zangu hawataki iuzwe," nilimwambia.

"Basi waje waisukume wao."

Oili ilivuja kwenye sketi zangu zote. Mara moja mpira wa petroli ulipasuka ukalowesha dumu, na mwenye hoteli akaonja maziwa, akayatema mbele ya wateja, akanirudishia yote. Niliyamwaga mtaroni. Ng'ombe anakula majani ya kukatwa na mkono wangu, ananyweshwa maji ya kubebwa na kichwa changu, halafu maziwa yake yanaishia mtaroni kwa sababu kuna watu Dar es Salaam wanaoipenda kumbukumbu ya baba yao. Nililia siku hiyo, na haikuwa kwa huzuni. Ilikuwa hasira tupu.

Hao wapenda kumbukumbu tulikuwa tunawaona Desemba. Kila Mchagga anajua Desemba ilivyo: barabara inajaa magari, kila boma lina mbuzi wa kuchinjwa na pipa la pombe ya mbege, na watu ambao mwaka mzima hawakupiga hata simu kwa jirani wanatembea vihambani mikono mgongoni wakikagua. Kaka zangu, nikimweka na mdogo wetu kwenye kundi hilo, walikuwa wakishamaliza kumwamkia mama wanakwenda moja kwa moja kwenye pikipiki. Waliikalia, wakapiga picha, wakasimuliana jinsi baba alivyowabeba mbele kwenye tangi. Halafu kaka angepitisha kidole kwenye vumbi la silensa.

"Dada, mbona unaiacha inaharibika hivi? Kitu kama hiki Ulaya kinawekwa makumbusho."

"Inahitaji ringi za pistoni. Ulisema utaniangalizia Kariakoo."

"Nitaangalia."

Aliangalia hivyo kila mwaka. Alichokuwa akiniletea ni kalenda.

Sasa nije kwenye ile mpya. Ilikuwa baada ya mwaka elfu mbili, sikumbuki mwezi, nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimetoka tena kwa fundi na nilikuwa natembea kwa miguu. Nje ya duka moja mjini nikaona pikipiki ya baba imesimama, inang'aa. Nilishtuka kama aliyeona mtu aliyekwisha kuzikwa. Tangi lile lile la mviringo, taa ile ile, injini yenye mapezi, gia upande wa kulia. Muuza duka akaniambia ni mpya, inatoka India, huko wanaitengeneza kwa makusudi iwe na sura ya zamani.

"Nani analipia kitu kipya ili kifanane na kizee?" nilimuuliza.

"Wapo, mama. Lakini hii nati zake na vipuri vyake vyote ninavyo humu ndani."

Hilo la vipuri ndilo lililonikamata. Nikaomba niipige kiki. Iliwaka papo hapo. Nilisimama pale nikiisikiliza inavyokwenda bila kukohoa, nikahisi wivu, wivu hasa, kwa maisha ambayo ningekuwa nayo miaka yote ile kama ningekuwa na chombo kinachowaka.

Duka lilikuwa pia na pikipiki za Kijapani, nyepesi, na labda zingenifaa zaidi. Lakini mwili wangu ulikuwa umezoea uzito ule na gia mguu ule. Nilimuuza mtamba wangu, niliyemkuza mwenyewe tangu ndama, nikaongeza akiba ya maziwa, nikainunua. Kadi ikaandikwa jina langu. Fundi wa Soweto alinihamishia kiti cha baba chenye springi, kwa sababu mgongo wangu ulikikubali, pamoja na medali ndogo ya Bikira Maria iliyokuwa kwenye usukani. Namba zilikuwa nyingine, ila nani anakumbuka namba. Ya zamani niliirudisha kwa gari la kubeba ndizi, nikaiweka nyuma ya zizi, nikaifunika kwa majani makavu ya migomba. Sikuiuza. Nataka hilo lieleweke.

Mama alitoka jikoni siku niliyoileta. Aligusa tangi, akaniuliza, "Umeitengeneza?"

"Hapana, mama. Hii ni mpya. Nimeinunua. Ni ya kwangu."

Aliizunguka mara moja. Kisha akaitemea mate kidogo ya baraka, kama wazee wetu wanavyofanya, akasema, "Ikubebe." Na ilinibeba. Ilimbeba na yeye mwenyewe, mgonjwa wa presha, hadi hospitali mjini, amenishika kiuno kwa nguvu huku anasali njia nzima. Kwa hiyo mama alijua. Hakuna aliyejua kuliko mama.

Mwaka ule maziwa yangu hayakumwagika. Niliongeza majirani, niliongeza nyumba za Soweto, nikaanza kufikiri habari ya kununua kiwanja kidogo huko chini, mahali ambapo hakuna kikao cha matanga kitakachoamua nikae au nitoke. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nikilifikiria jambo hilo barabarani, asubuhi, na upepo wa mlimani nyuma yangu.

Desemba ikafika, na kaka zangu wakafika. Pikipiki ilikuwa barazani. Kaka alishuka kwenye gari, akasimama, mkono ukaenda mdomoni. Mtu mzima, tumbo mbele, akaanza kutokwa na machozi.

"Dada," alisema, "umemrudisha mzee."

Alikalia kiti cha baba, akaipiga kiki, akafumba macho. "Mlio ule ule," akamwambia mdogo wetu, na mdogo wetu akatikisa kichwa kukubali, yeye ambaye baba alipokuwa anaiendesha vizuri alikuwa mgongoni kwa mama. Haukuwa mlio ule ule. Ya baba ilikuwa inakohoa. Nilifungua mdomo niwaambie, na hapo kaka akanipiga begani kwa furaha.

"Kumbe ukiamua unaweza," alisema.

Nikaufunga mdomo wangu. Miaka yote ya gasketi za maboksi, sketi za oili na maziwa ya mtaroni, kumbe nilikuwa sijaamua. Nilinyamaza kwa sababu kama ningesema wakati ule ningesema na mengine ambayo hayasemwi Krismasi. Jikoni nilimwambia mama, "Wanadhani ni ile ya baba." Alikuwa anakoroga mtori, hakugeuka. "Waache wafurahi," alisema. "Wamekuja kwa siku chache." Nami nikawaacha. Waliipanda hadi misheni na kurudi, wakawaonyesha watu, wakapongezwa kwa jinsi wanavyotunza mali ya baba yao.

Baada ya sikukuu, mbuzi amekwisha kugawanywa na kila mtu ana kipande chake, kaka alisafisha koo. Alikuwa anafungua baa Dar. Siku hizi, alisema, watu wa mjini wanapenda vitu vya zamani: redio za mbao, taa za chemli, picha za rangi nyeusi na nyeupe. Alikuwa amefikiri. Pikipiki ya mzee itasimama mlangoni, juu ya jukwaa la saruji, mnyororo umetolewa ili mwizi asiondoke nayo. Gari la kubeba ndizi lilikuwa linakwenda Dar kesho yake. Ingepanda humo.

"Baba ataonekana na kila mtu," alisema, na sauti yake ilitetemeka kweli. Sitamsingizia kwamba alikuwa anaigiza.

"Hiyo ni yangu," nilisema.

Walicheka. Walidhani ni utani wa dada. Nikawaeleza taratibu, kuanzia duka hadi mtamba. Kicheko kiliisha. Niliingia ndani nikaleta kadi, nikampa kaka mkononi. Aliisoma, na nilipotazama uso wake nikaona nimejichimbia shimo mwenyewe.

"Umebadilisha jina," alisema.

"Nimebadilisha jina la nini? Ni pikipiki nyingine."

"Baba ametuachia kitu kimoja, na wewe umekwenda mjini ukakiandikisha jina lako. Sisi tuko mbali, tunakuamini."

Mdogo wetu aliongeza, kwa ule upole wake wa mtu mwenye kihamba, "Dada, ungetuambia tu kama unataka kitu."

Niliwachukua hadi nyuma ya zizi. Niliyafukua yale majani kwa mikono yangu na pikipiki ya baba ikatokea, imekalia rimu, haina kiti, kutu imeingia kwenye spoku, mjusi ametoka kwenye taa. Niliwaonyesha tangi lilivyobonyea siku baba alipoanguka karibu na kanisa. Kaka aliitazama. Akaigusa kwa ncha ya kiatu.

"Hili ni chuma chakavu ulichonunua ukatoa vipuri," alisema. "Baba hakuwa na takataka kama hii."

Na aliamini. Ndicho kilichoniuma kuliko wizi. Mtu aliyemlilia baba yake barazani alisimama mbele ya kitu chenyewe, chuma ambacho miguu ya baba ilikikanyaga, na akakikataa kwa sababu kilikuwa kimechakaa. Alikuwa anakumbuka kitu kipya.

Tukarudi kwa mama. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, ungo wa maharage mapajani. Kaka alichuchumaa mbele yake kwa heshima zote.

"Mama, tusigombane. Utuamue wewe. Pikipiki ya baba ni ipi?"

Mama alimtazama kaka, akamtazama mdogo wetu. Mimi hakunitazama.

"Ya baba yenu ni hiyo inayowaka," alisema, akarudi kwenye maharage.

Watu wananiuliza, wachache niliowahi kuwasimulia, kwa nini sikupiga kelele. Ningeweza kushuka Soweto nikamleta fundi. Ningeweza kumleta muuza duka. Ningekuwa nimeleta wanaume wa mjini uani kwa mama yangu kuja kuthibitisha kwamba ni mwongo, wakati nyama ya Krismasi bado iko jikoni. Mtoto aliyelelewa Kilema hafanyi hivyo, na mama alijua kwamba sitafanya. Nilimpa kaka ufunguo wa pikipiki na wa boksi lake la vifaa. Kesho yake walipoipakia garini walinijia niwaonyeshe kamba ipite wapi, maana hakuna aliyejua pikipiki inafungwaje bila kuvunjika taa. Nikawaonyesha.

Magari yao yalipoondoka nilikwenda jikoni. Mama alikuwa anasukuma kuni.

"Mama, kwa nini?"

Hakujifanya kwamba hajui ninachouliza. Namshukuru kwa hilo, kama kuna la kumshukuru.

"Wewe upo," alisema. "Wao wakiondoka hapa na kinyongo, Desemba nyingine watakwenda kwa wakwe zao. Nimezaa wana wawili, sitaki kuzikwa na majirani."

"Na maziwa nitayapelekaje?"

"Ulikuwa unayapeleka na ile nyingine."

"Ile imekufa, mama."

"Utaitengeneza," alisema mama yangu. "Wewe ndiye unayeijua."

Alinimiminia chai, akaiongezea maziwa mengi kama ninavyopenda, akanisogezea kikombe. Nilikinywa. Nilimtunza mama yangu miaka mingine mingi, nilimwogesha, nilimlisha kwa kijiko, na wanawe wote wawili walifika kumzika, kama alivyotaka. Walisimama kaburini wakanishukuru mbele za watu kwa kazi niliyoifanya. Kisha wakaniuliza nimepanga kuhamia wapi.